Ukurasa wa Mkono

Mzee Mayala hakuwa mtu wa kugawa. Kiwandani kwake kule Ilemela, ukingoni mwa ziwa, hata vipande vya barafu vilivyodondoka wakati wa kupakia viliokotwa vikarudishwa stoo, na mlinzi aliyethubutu kutia kimoja kwenye chupa yake ya maji aliitwa ofisini kujieleza. Minofu ya sangara ilikwenda Ulaya kwa ndege. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki hao, yalikwenda Asia. Ngozi ilikuwa na mnunuzi wake. Mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya mnofu kutolewa, yaliuzwa getini kwa akina mama wa kukaanga, nao walilalamika kwamba siku hizi kisu kinakwangua mpaka mfupa unalia. Kwa hiyo asubuhi ile aliposimama mbele ya wafanyakazi wa ofisini akasema programu ya kompyuta ya kiwanda itagawiwa bure kwa viwanda vyote vya samaki kuzunguka ziwa, tena pamoja na maandishi yake ya ndani, ili kila atakaye aifungue, aisome na aibadilishe apendavyo, watu walipiga makofi kwanza ndipo wakaanza kutazamana.

Winnie hakupiga makofi. Programu ile aliiandika yeye, herufi kwa herufi, na sasa alijiona kama mama aliyesikia redioni kwamba bintiye anaolewa.

Mambo yalianza ile miaka ya mwisho ya tisini, Ulaya wakifunga na kufungua mlango wa samaki wetu kadiri wapendavyo. Leo kipindupindu, kesho sumu, keshokutwa karatasi hazieleweki. Wanunuzi walitaka kujua kila katoni ya minofu imetoka mwalo gani wa kushushia samaki, nani alipima, na samaki aliingia kwenye barafu lini. Kiwanda kikamleta mtaalamu kutoka nje pamoja na programu yake ya bei mbaya. Programu hiyo ilifaa kila mahali duniani isipokuwa Mwanza, kwa sababu haikujua kwamba huku kwetu l na r ni ndugu wanaoazimana nguo. Wakala wa kukusanya samaki akiwa Msukuma aliandika Ilemela, Mjita akaandika Iremera, mwenye haraka zake akaandika Iremela, na kompyuta ikahesabu mialo mitatu. Kwenye safu ya MAHALI wapo walioandika MAHARI, ikaonekana sangara wa Ukerewe wanaolewa kabla ya kupimwa. Taarifa ya kwanza iliyokwenda Ulaya ilikuwa na mialo mingi kuliko vijiji, na wazungu wakauliza hao wavuvi wote wanaishi wapi.

Wakati huo Winnie alikuwa karani wa takwimu, binti wa Ukerewe aliyesoma chuo Dar es Salaam na kujifunza mambo ya kompyuta kwa kuvizia mashine za wenzake. Alicheka, kisha akaudhika, kisha akaanza kuandika programu yake mwenyewe kila baada ya kazi. Aliifundisha kwamba kwenye majina, l na r ni herufi moja. Halafu akaiwekea ukurasa ambao hakuna aliyemwagiza. Wakala mwenye mizani ya kuning'iniza alipoleta uzito wake kwenye kipande cha karatasi, karani aliuingiza kwenye ukurasa huo, pamoja na jina la wakala na la shahidi aliyemwona akipima. Ofisi nzima iliuita ukurasa wa mkono.

Aliuweka kwa ajili ya mama yake mdogo, Odeta. Huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yake mzazi kufariki, na ndiye aliyemsomesha kwa samaki aliokuwa akikusanya kwenye mwalo mmoja karibu na Nansio na kuwapeleka viwandani. Mizani yake ilikuwa ya kuning'iniza, yenye kutu kwenye ndoano, na hakuwa na mpango wa kununua nyingine.

Sasa kitu hicho kinagawiwa bure, na Winnie akakosa raha. Alikaa akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Angefurahi, lakini furaha ilikataa kukaa. Mtu asiyetoa barafu anatoaje programu?

Alimwendea meneja, Bwana Anatory Rwehumbiza, Mhaya wa Bukoba aliyemfanyia mpango wa kazi na ambaye Winnie alimchukulia kama kaka yake. Ofisi ilimtania kwa jina la nshomile, yaani msomi, naye hakukasirika hata kidogo, maana alikuwa msomi kweli na alipenda ijulikane.

"Kaka Anatory, shikamoo. Mzee amepatwa na nini?"

"Marahaba. Amepatwa na akili," alisema Anatory akivua miwani. "Sikiliza. Mnunuzi wa Ulaya hawezi kuiamini programu ambayo imefungwa. Anasema, nitajuaje kwamba hamkuifundisha kudanganya? Tukiifungua, akaisoma mwenyewe, maneno yamekwisha. Hiyo moja. Pili, vikiitumia viwanda vyote, makosa yataonekana upesi, na wenzetu watakuwa wakiyarekebisha na kuturudishia. Tunapata mafundi bila kuwalipa. Na gazetini tutaonekana watu wa maana. Masharti nimeyatafuta kwenye mtandao na nimeyatafsiri mwenyewe: kila anayeipokea ana haki ya kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kumpa mwingine. Nimeiita programu huria. Kama soko ni huria, na programu iwe huria!"

Alilipenda neno lake hilo mpaka akalirudia. Winnie alishukuru akatoka, na wasiwasi ukatoka naye. Sababu zote zilikuwa nzuri, lakini zilikuwa sababu za Anatory. Mzee Mayala hakuwa mtu wa kulala njaa ili magazeti yamsifu.

Getini, akina mama wa mapanki walikwishaisikia habari. Habari za kiwandani hutoka kabla ya samaki.

"Eti mnagawa bure?" mmoja alimuuliza akiwa amejitwika beseni. "Basi kimeoza."

Wenzake wakacheka, na Winnie akacheka nao, lakini neno lile alikwenda nalo mpaka nyumbani. Kwa Kiswahili chetu bure ni kitu usichokilipia, na bure hiyo hiyo ni kitu kisichofaa, na mtu bure hana hata wa kumwitia chai. Halafu akawaza mapanki. Kiwanda kinachoachia mifupa kinakuwa kimeshatoa mnofu. Kama programu yake ndiyo mapanki, mnofu uko wapi?

Hakuhitaji kuutafuta. Mzee Mayala alimwita mwenyewe.

Mzee huyo zamani alikuwa bwana mkubwa wa ushirika wa pamba. Ushirika ulipoyumba na mambo yakawa ruksa, aliyumba nao siku chache tu, kisha akanunua mashine ya barafu, na kutoka kwenye barafu akafika kwenye kiwanda. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mpaka afurahi. Akifurahi, Usukuma wote ulipanda ulimini.

"Shikamoo, mzee."

"Malahaba, mwanangu. Njoo nikuonyeshe."

Alimpeleka stoo. Huko kulikuwa na makasha yamepangwa mpaka karibu na dari, na moja lilikuwa limefunguliwa. Ndani yake mlikuwa na mizani ya umeme, inang'aa, na waya wa kuichomeka kwenye kompyuta. Mzee Mayala aliipapasa mgongoni kama ndama.

"Wakala wa hizi kwa ziwa lote ni mimi. Ukitaka mizani ya aina hii, Musoma, Bukoba, wapi, unakuja kwangu. Na plogramu yako inaongea na mizani gani?"

"Na hii, mzee." Ni yeye mwenyewe aliyeifundisha kuongea nayo miezi ya karibuni, akidhani ni kwa matumizi ya kiwanda.

"Umeona? Plogramu bule, mizani kwa hela. Mtu akikupa ng'ombe bule, uliza kamba inauzwa na nani!" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akamtazama usoni, na sauti ikatulia. "Sikufichi, kwa sababu si wizi. Kule kwenye ushirika tulisema kila kitu ni cha wote, na wakati wote huo funguo za ghala zilikuwa mfukoni mwa mtu. Mimi nasema wazi. Wao wanapata plogramu, wazungu wanapata karatasi safi, mimi nauza mizani. Nani ameumia hapo?"

Winnie alitafuta aliyeumia, na kabla hajampata, mzee akaendelea.

"Ila ule ukulasa wako wa mkono, utoe. Mtu akiweza kuandika uzito kwa mkono, mizani yangu atanunua ya nini? Na tena, tuambizane ukweli, wewe umekulia mwaloni. Mizani ya kuning'iniza ina kidole cha mwenyewe kwa chini. Ndiyo au siyo?"

Ilikuwa ndiyo. Mama mdogo mwenyewe alikuwa akiwatukana wenzake kwa hicho kidole. Hapo ndipo palipouma: mzee hakusema uongo hata mmoja.

"Jina lako tutaliweka mwanzo kabisa, mtu akiwasha tu analiona. Utakuwa mkuu wa mafunzo kwa viwanda vyote. Na kwenye mkutano wa wanunuzi kule Uholanzi, utakwenda wewe na Anatory."

Winnie angeweza kukataa. Wasomaji wema watapenda niseme alikataa. Lakini binti aliyeandika kitu kwa jasho lake, na kwa muda wote huo jina lake halijulikani hata kwa mlinzi wa getini, akiambiwa jina litakaa mbele, anasikia tamu. Alisema, "Sawa, mzee," akarudi kwenye meza yake, akaufuta ukurasa wa mkono. Kufuta hakukumchukua hata muda wa kunywa chai, na chai yenyewe ilimshinda.

Alijipa maneno ya kujituliza. Programu si ni huria? Anayetaka ukurasa wa mkono ataurudisha, masharti yanaruhusu. Maneno hayo yalimfaa mchana, yakamkimbia jioni, kwa sababu alijua hesabu ambayo Anatory hakuipiga. Kuzunguka ufuko ule wote, mtu wa kuyafungua maandishi yale na kuyaelewa alikuwa yeye. Haki ya kubadilisha walipewa wote, na anayejua kubadilisha amekaa ndani ya kiwanda na amesema sawa, mzee.

Mafunzo yalianza, na zamu ya Ukerewe ikafika. Yeye na Anatory walivuka kwa meli kwenda Nansio, wamebeba kompyuta, jenereta na mizani moja ya umeme ya kuonyeshea. Njia nzima Winnie alisimama. Anatory alimwambia akae, akakaa, akasimama tena. Mama mdogo alikuwa amealikwa pamoja na mawakala wengine, na Winnie hakuwa amemwambia lolote. Mara tatu alipanga kumpelekea ujumbe, na mara zote alijikuta ana kazi nyingine.

Ukumbi wa parokia ulijaa. Mama mdogo Odeta alikaa mbele kabisa, amevaa kitenge chake cha Krismasi, na ilionekana amekwishamwambia kila mtu ni mtoto wa nani anayekuja kufundisha. Winnie alipoingia, wakala mmoja mzee alimpa mkono kwa mikono miwili. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alifundisha. Aliwasha mashine, jina lake likatokea, watu wakapiga makofi. Aliweka jiwe juu ya mizani ya umeme na uzito ukajiandika kwenye kioo cha kompyuta, wakapiga makofi tena. Anatory akagawa karatasi za masharti, akaeleza maana ya huria na kwamba programu hii sasa ni mali ya kila mtu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ndipo mama mdogo akanyoosha mkono.

"Mwalimu," alisema. Hakumwita Winnie, alimpa heshima yake mbele za watu. "Hiyo yenye waya tumeielewa. Sisi wa mizani ya kuning'iniza, tunaandika wapi?"

Majibu yalikuwepo. Winnie aliyaandaa tangu kwenye meli: kwamba Ulaya hawataki, kwamba suala hilo linafanyiwa kazi, kwamba mizani inaweza kukopeshwa. Nyuma ya ukumbi Anatory alikohoa, akasema, "Hilo tutalieleza baadaye, mama."

"Namuuliza mwanangu," alisema Odeta.

Winnie alimtazama. Alitazama kitenge, alitazama yale macho yaliyokuwa bado yanajivuna kwa ajili yake, na majibu yote yakamwishia mdomoni.

"Palikuwepo mahali, mama mdogo. Nimepafuta mimi."

Odeta alisogea mbele kwenye kiti chake.

"Nani alikutuma?"

"Nilitumwa. Lakini niliyefuta ni mimi."

Odeta alikaza kitenge kiunoni, akageuka kuwatazama wenzake, wale aliowaambia habari za mtoto wake, kisha akageuka tena mbele. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Basi parudishe."

Aliyeinuka hapo alikuwa Antoni, kijana wa ununuzi kutoka kiwanda kimoja kidogo cha upande wa Musoma, naye alikuwa amealikwa kwenye mafunzo. "Hiyo yenye mkono mimi naichukua leo hii," alisema. "Sisi hatuna ubavu wa kumnunulia kila wakala mizani, na samaki tunawataka." Msidhani alikuwa na huruma. Macho yake yalikuwa yakihesabu mawakala waliomo ukumbini, wote hawa ambao kesho wangekosa mahali pa kupeleka samaki wao, na mate yalimtoka.

"Programu ni ya kiwanda chetu," alisema Anatory.

Antoni aliinua ile karatasi aliyopewa muda mfupi uliopita. "Hapa mmeandika naruhusiwa kuibadilisha na kumpa mwingine. Naruhusiwa au siruhusiwi?"

Anatory aliipokea karatasi, akaisoma ingawa aliiandika yeye. Nshomile ana ugonjwa mmoja, hawezi kuyakana maandishi yake mbele ya watu. "Unaruhusiwa," alisema hatimaye. Kisha akamwendea Winnie, akashusha sauti. "Yeye anaruhusiwa. Wewe ni mwajiriwa wa mzee. Ukikaa hapo ukaandika, Uholanzi usahau, na Jumatatu sijui kama utakuta meza yako. Na kompyuta hii ni ya kiwanda. Meli ikipiga honi, nazima."

"Sawa, kaka."

Winnie alikaa. Aliogopa kweli kweli, na vidole vilikosea neno la kwanza na la pili. Aliandika kutoka kichwani, ukurasa wenyewe, jina la wakala, jina la shahidi, nafasi ya uzito. Mawakala hawakuondoka. Walisimama nyuma yake wakitazama maneno wasiyoyaelewa yakipanda kwenye kioo, na kila mmoja akamweleza jirani yake yanamaanisha nini. Antoni alikwenda dukani akarudi na diski mpya. Anatory alizunguka ukumbi, akatoka nje, akaingia, akatazama saa.

Honi ililia. Winnie aliandika mstari wa mwisho, akaujaribu, ukagoma. Akaona kosa, akalisahihisha, ukakubali. Aliinakili kwenye diski ya Antoni huku Anatory amesimama juu yake, mkono uko kwenye swichi. Hakuibonyeza mpaka diski ilipotoka. Kisha akazima, akafunga nyaya, akawaita wabebaji, na mlangoni akageuka.

"Unakuja?"

"Nitakuja na ya kesho."

Anatory aliitikia kwa kichwa, akaenda. Antoni naye aliondoka, diski mfukoni, akiwa amekwishaanza kupatana na mawakala njiani. Ukumbini wakabaki wawili. Odeta alikuwa bado kwenye kiti chake, na hasira ilikuwa haijamtoka.

"Mzee wako aligawa ili auze mizani," alisema. "Yule kijana amechukua ili apate samaki. Na wewe hili umelifanya kwa nini?"

Winnie alitaka kusema neno moja tu, lile ambalo mama mdogo angelipenda. Alilijaribu moyoni likakataa kusimama peke yake.

"Kwa ajili yako," alisema. "Na niliwaonea aibu wale watu. Na nilitaka yule Antoni aone kwamba naweza."

Odeta aliinuka akamshika mkono, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimshika zamani wakivuka barabara.

"Ungeniambia ni kwa ajili yangu tu," alisema, "nisingekuamini."